Namna ya Kuitumia Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam, Zaidi ya Kukalia Kiti

Wengi wanaoingia Maktaba Kuu ya Taifa, iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, hufuata vitu viwili: meza na utulivu. Huja na madaftari yao, vitabu vyao na kompyuta zao, hukaa hadi jioni, kisha huondoka bila kugusa hata kitabu kimoja cha maktaba. Sioni ubaya wowote katika hilo. Katika jiji ambalo familia nzima hupanga vyumba viwili uani na redio ya jirani haizimwi, mahali pa kujisomea ni haja ya kweli, na maktaba ya umma isiyotoa nafasi hiyo ingekuwa imeshindwa kazi yake. Hata hivyo, kiti ndicho kitu rahisi kupatikana kuliko vyote vilivyomo katika jengo lile. Kilicho adimu ni machapisho ya nchi hii yaliyokusanywa kwa zaidi ya nusu karne, ambayo mengi hayauzwi tena katika duka lolote la vitabu wala hayajawahi kuingizwa kwenye intaneti. Maelezo yanayofuata ni kwa ajili ya mtu anayetaka kuyafikia machapisho hayo: mwanafunzi mwenye utafiti, mwandishi wa habari, mwandishi wa vitabu, au mwananchi anayetafuta habari za kijiji alikozaliwa babu yake.

Ilivyoundwa, na kwa nini jambo hilo linakuhusu

Historia ya maktaba hii si pambo. Inakueleza kwa uhakika mkubwa ni kipi utegemee kukikuta na ni kipi usipoteze muda kukitafuta.

Kabla ya uhuru hapakuwa na huduma ya kitaifa ya maktaba katika Tanganyika. Shirika la Maandiko la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, ndilo lililokuwa likisambaza vitabu kwa masanduku na kwa njia ya posta kwa wasomaji waliokuwa mbali na miji. Mwaka 1960 mtaalamu wa maktaba S. W. Hockey alitoa taarifa iliyopendekeza kila nchi ya Afrika Mashariki iwe na huduma yake yenyewe, na Bunge la Tanganyika likatunga Sheria namba 39 ya mwaka 1963 iliyounda bodi ya kusimamia huduma hiyo. Jengo la Maktaba Kuu lilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya maadhimisho ya uhuru, katika mwaka uleule wa Azimio la Arusha, wakati ambapo takribani theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Sheria namba 6 ya mwaka 1975 ndiyo iliyotupa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania kama tunavyoijua leo, yenye mamlaka juu ya Maktaba Kuu pamoja na maktaba za mikoa na wilaya.

Jambo kubwa kwa mtafutaji ni kwamba sheria humtaka kila mchapishaji nchini awasilishe kwenye Bodi nakala za kila anachokichapisha, bila malipo. Kwa hiyo kitabu kilichochapishwa Dar es Salaam, Tabora au Ndanda baada ya sheria hizo kuanza kazi kina nafasi nzuri ya kuwapo, hata kama kilitolewa na mchapishaji mdogo aliyefunga ofisi zamani. Kwa machapisho ya nyuma ya hapo hali ni tofauti: yaliyomo yaliingia kwa kununuliwa, kwa kurithiwa au kwa zawadi, hivyo mkusanyiko wake una mapengo, nawe usiufanye kuwa tegemeo lako la pekee. Hali kadhalika kuna wachapishaji wasioitii sheria, hasa wale wanaojichapishia wenyewe siku hizi, na vitabu vyao huweza kukosekana ingawa vimetoka juzi tu.

Andaa swali kabla ya kutoka nyumbani

Mkutubi hawezi kumsaidia mtu asiyejua anachokitafuta, na hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika. Mtu husogea kaunta akasema, "Naomba vitabu vya historia." Mkutubi humwonyesha rafu ya historia, mtu husimama mbele yake dakika kumi, kisha hurudi kwenye kiti na simu yake. Mwulizaji aliyejiandaa husema hivi: "Shikamoo mama. Naandika kuhusu wafanyakazi wa mashamba ya katani mkoani Tanga kabla ya uhuru, hasa manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliotoka Kigoma na Songea. Ningependa kuanza na kitabu chochote chenye takwimu za wafanyakazi." Swali hilo lina mada, mahali, kipindi na aina ya habari inayohitajika. Hapo mkutubi ana pa kushika, na mara nyingi atakupeleka kwenye vitu ambavyo hukuvifikiria.

Tuendelee na mfano huohuo wa katani, kwa kuwa unaonyesha jinsi mada moja inavyotawanyika katika maktaba. Mmea wenyewe uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kwa miongo mingi ndio uliokuwa zao kuu la biashara la Tanganyika. Mtu angedhani vitabu vyake vyote vimekaa pamoja, lakini sivyo. Vitabu hupangwa kwa mfumo wa Dewey, ambao huigawa elimu yote katika makundi ya namba kuanzia 000 hadi 999. Kilimo cha mazao ya nyuzi kipo 633.5. Uchumi wa kilimo, yaani uzalishaji na bei, upo 338.1. Masuala ya wafanyakazi na ujira yapo 331. Historia ya Tanzania ipo 967.8. Anayetafiti habari za manamba na kuishia kwenye rafu moja tu atakuwa ameona robo ya kilichopo.

Hapo pana mtego mdogo wa kusoma namba zenyewe. Tarakimu zinazofuata nukta husomwa moja moja kama desimali, si kama namba nzima. Kwa hiyo 633.18, ambayo ni mpunga, hutangulia 633.5, na 633.73, ambayo ni kahawa, hufuata baadaye. Nimeona watu wakiapa kwamba kitabu kimeibwa, kumbe walikuwa wanakitafuta upande usio wake wa rafu. Kwa wapenzi wa Kiswahili, namba za kukariri ni mbili: 496.392 kwa lugha yenyewe, yaani sarufi, kamusi na isimu, na 896.392 kwa fasihi yake, ambako riwaya, tamthilia na diwani hukaa jirani.

Kuingia na kujiandikisha

Kufika si kazi. Anayetumia mwendokasi hushuka kituo cha DIT, akafuata Barabara ya Bibi Titi Mohamed kupita Chuo cha Elimu ya Biashara. Anayeshukia Posta hupanda na Mtaa wa Maktaba hadi barabara hiyohiyo. Njiani uliza "Maktaba Kuu", nawe utaelekezwa.

Beba kitambulisho, daftari, na kalamu ya risasi pamoja na ya wino, kwa sababu penye machapisho ya zamani ni ustaarabu kuandika kwa risasi hata pale usipolazimishwa. Mizigo mikubwa iache nyumbani, kwani mabegi huachwa mlangoni. Toa humo simu, fedha na kila kitu cha thamani kabla hujayakabidhi.

Tofautisha mapema huduma mbili. Kusoma ndani ya jengo ni jambo moja, na kuazima kitabu ukaondoka nacho ni jambo jingine linalohitaji uanachama. Uanachama huanza kwa fomu, picha ndogo na mdhamini anayefahamika, kama vile mwajiri, mkuu wa shule au uongozi wa serikali ya mtaa. Chukua fomu siku ya kwanza uijaze nyumbani, usingoje siku ile unayokihitaji kitabu. Watoto, wanafunzi na watu wazima hawalipi sawa, kwa hiyo uliza kiwango chako mapokezi na uombe namba ya kumbukumbu ya malipo ili ulipe kwa simu au benki, kisha tunza risiti. Usimpe mtu fedha mkononi kwa ahadi kwamba atakushughulikia.

Msimu nao una uzito wake. Wiki zinazotangulia mitihani ya kidato cha sita mwezi Mei, na ile ya kidato cha nne mwezi Novemba, viti hujaa asubuhi na mapema, na wakutubi huwa na kazi nyingi ya kusimamia utulivu kuliko kujibu maswali ya utafiti. Ukiweza, panga utafiti wako miezi mingine, katikati ya wiki, asubuhi.

Kutafuta katika katalogi

Tafuta kwanza katika katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, ndipo uende kwenye rafu. Andika jina la mwandishi, jina la kitabu na namba nzima ya mgongoni, pamoja na herufi zinazoifuata, kwa kuwa namba peke yake huweza kuwa na vitabu vingi. Ushauri ninaouona muhimu kuliko mwingine wowote ni kuitafuta mada moja kwa majina kadhaa. Vichwa vya mada katika maktaba nyingi duniani hutayarishwa kwa Kiingereza, hivyo aliyetafuta "katani" bila kupata kitu na akajaribu tena kwa neno la Kiingereza huweza kukuta safu nzima. Vilevile majina ya nchi hubadilika na vitabu havibadiliki. Habari za kabla ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 zitafute chini ya Tanganyika na Zanzibar kila moja peke yake, na za kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia chini ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vita vya 1905 hadi 1907 huandikwa Majimaji kwa neno moja na Maji Maji kwa maneno mawili. Jaribu yote mawili.

Majina ya watu yanasumbua zaidi. Kanuni za ukutubi zilizaliwa kwa watu wenye majina ya ukoo, zikataka mwandishi aingizwe kwa jina la mwisho. Kwetu jina la mwisho mara nyingi ni la baba au la babu tu, na mtu huyohuyo huweza kuchapisha kitabu kimoja kwa majina matatu na kingine kwa majina mawili. Usipomwona mwandishi kwa jina la mwisho, mtafute kwa la kwanza, kisha kwa la katikati.

Kitabu kikiwa katika katalogi lakini hakipo rafuni, usiondoke. Angalia rafu ya juu na ya chini yake, kwa kuwa wasomaji hurudisha vitabu ovyo. Angalia meza za karibu. Kisha mpelekee mkutubi karatasi yenye namba kamili aangalie kama kimeazimwa, kimepelekwa kushonwa upya, au kimewekwa katika hifadhi isiyoingiwa na wasomaji. Machapisho mengi ya taifa hayakai mahali pa wazi, bali huletwa kwa maombi, na msomaji anayeishia kwenye rafu za wazi hatajua kamwe kwamba yapo. Ukipata kitabu cha zamani, fungua jalada la nyuma utazame karatasi ya tarehe za kurudishia. Mihuri yake inakuonyesha kitabu kilisomwa sana miaka ipi, na kilianza lini kulala bila kuguswa.

Magazeti, takwimu na machapisho ya serikali

Hapa ndipo maktaba hii inapoizidi simu yako kwa mbali, ila magazeti hayana huruma kwa mtu asiye na tarehe. Kurasa za mwaka mmoja wa gazeti la kila siku ni maelfu, hazina faharasa, na karatasi zake huvunjika. Kwa hiyo tafuta kwanza tarehe ya tukio katika kitabu, ndipo uombe jalada la mwezi husika.

Tuseme unataka kuona magazeti yalivyolipokea Azimio la Arusha. Halmashauri Kuu ya TANU ililipitisha mwishoni mwa Januari 1967, lakini lilitangazwa rasmi tarehe 5 Februari. Mtu anayefungua magazeti ya Januari peke yake atadhani halikuandikwa. Omba ya Februari yote, kwa sababu habari zilizofuata, yaani kutaifishwa kwa mabenki na makampuni makubwa, zilijaa wiki nzima. Pia jua majina. Uhuru, gazeti la TANU, lilianza mwaka 1961. Tanganyika Standard, lililoanza mwaka 1930, lilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1972 likaunganishwa na The Nationalist likawa Daily News. Anayeomba Daily News ya mwaka 1967 ataambiwa halipo, na jibu hilo litakuwa sahihi.

Kwa takwimu, anzia kwenye taarifa za sensa za 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, huku ukikumbuka kwamba mipaka ya mikoa na wilaya imebadilika, kwa hiyo wilaya yenye jina lilelile si lazima iwe eneo lilelile. Gazeti la Serikali litakupa sheria, matangazo ya ardhi na uteuzi, na kumbukumbu rasmi za majadiliano ya Bunge zitakupa maneno ya mbunge wako kama alivyoyasema. Usivisahau vijitabu vyembamba vya kisomo cha watu wazima vilivyochapishwa kwa wingi baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima: vya pamba, vya ufugaji, vya usafi wa maji. Watu huvidharau kwa unene wao, ilhali hakuna chapisho jingine linaloonyesha vizuri hivyo namna serikali ilivyozungumza na mkulima kwa Kiswahili chepesi.

Unapotaka fotokopi, omba kurasa unazozihitaji tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, hivyo kutoa nakala ya kitabu kizima cha mtu aliye hai ni kosa hata kama mashine ipo na fedha unayo. Nakili pia ukurasa wa jina la kitabu na ule wa mwaka wa uchapishaji. Utakapoandika marejeo usiku wa manane utavihitaji.

Ukija na mtoto

Maktaba ya watoto ni sehemu yake yenyewe, na mtoto huandikishwa kwa jina lake. Mwache achague kitabu mwenyewe, hata kama ni kilekile alichokisoma wiki iliyopita.

Inapokomea

Barua za kiserikali ambazo hazijachapishwa, majalada ya wakuu wa wilaya na kumbukumbu za utawala wa Kijerumani havipo hapa. Vinatunzwa na Nyaraka za Taifa, zilizopo Upanga, na huko kuna utaratibu wa kuomba kibali cha utafiti ambao huchukua muda. Kwa tasnifu na mkusanyiko mpana wa kitaaluma kuhusu Afrika Mashariki, nenda Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, ambayo jengo lake jipya lilizinduliwa mwaka 2018. Mtu aishiye Tanga, Mwanza au Moshi aanzie maktaba ya mkoa wake, kwa sababu ni ya Bodi hiyohiyo, na mkutubi wa pale anaweza kumuulizia Dar es Salaam kama kitabu kipo kabla hajalipa nauli. Anayetaka kuifanya kazi hii ya ukutubi asomee Bagamoyo, katika chuo cha Bodi kilichoanzishwa mwaka 1989.

Kwa wanaoandika

Bodi ndiyo inayotoa namba ya kimataifa ya kitabu, ile yenye tarakimu 13 inayokaa juu ya mistari ya bei, na vitabu vingi vya Tanzania hutambulika kwa 9976 au 9987 baada ya 978. Iombe mapema, ukiwa tayari na jina kamili la kitabu na jina la mchapishaji, kwa kuwa lazima ichapishwe ndani ya kitabu na kwenye jalada la nyuma. Kuibandika kwa karatasi baadaye ni aibu ndogo inayoonekana kila duka. Toleo la jalada gumu na la jalada laini huhitaji namba tofauti, na toleo lililorekebishwa vilevile. Mzigo ukitoka kwa mpiga chapa, tenga nakala za Bodi siku hiyohiyo uzipeleke na kuomba stakabadhi, kabla ya uzinduzi, maana ndugu na marafiki hawabakizi.